Kibaba cha Nani

Haba na haba hujaza kibaba.
Ndivyo tunavyosema, kisha tunanyamaza.
Hatuulizi kibaba cha nani, kina upana gani,
wala tone linalofuata, kikishajaa, linakwenda wapi.

Kwa Wybren lilikwenda chini ya sifuri.

Februari tarehe tisa, Friesland, saa kumi na moja alfajiri,
ukungu umelalia mifereji,
ng'ombe mia moja na arobaini wamo foleni ya kukamuliwa,
na kioo kidogo ukutani, juu ya tangi la maziwa,
kikasoma elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba,
kikapepesa,
kikaruka hadi hasi: idadi ile ile, na moja zaidi.
Wybren akavua glavu, akakifuta kwa kiwiko.
Akampigia simu Sjoukje, mpanga programu wa ushirika:
"Mashine yako inasema ng'ombe wangu wamekunywa maziwa yao yote
na bado wanadaiwa."

Sjoukje hakucheka. Alicheka baadaye, garini.
Siku tatu ofisini alikuwa ameijaribu programu,
akaimiminia lita milioni, nayo ikahesabu bila kukwama.
Neno lililobeba hesabu lilikuwa moja: kamili.
Namba kamili. Nani angelishuku neno lenye jina kama hilo?
Kumbe kwenye kompyuta ya ofisini kamili ni biti thelathini na mbili,
na kwenye kijisanduku cha zizini,
kilichokazwa kwa skrubu nne zenye kutu,
kamili ni kumi na sita.
Neno moja, vibaba viwili,
na kitafsiri cha msimbo hakikunong'ona hata onyo.

Hapo mimi ndipo ninapokasirika kwa niaba yake.
Fupi, wanasema. Kamili. Refu.
Refu kuliko nini?
Ukiuziwa kitambaa kwa mkono utauliza mkono wa nani,
wa muuzaji, au wa mwanawe aliyesimama nyuma ya kaunta.

Alimtafuta Douwe, mwandishi wa msimbo ule,
siku hizi hana kazi ila nyuki na mizozo na jirani.
"Wakati ule," alisema Douwe,
"Wybren alikuwa na ng'ombe kumi na wanane,
na tulihesabu kwa siku, si kwa mwezi. Ilitosha."
Simu ikavuma kidogo.
"Kila kitu hutosha, Sjoukje, mpaka mtu anunue ng'ombe."

Usiku akafungua faili, akazikuta kamili arobaini na moja
zilizoachwa bila kipimo.
Hesabu ya lita akaipa biti thelathini na mbili, bila alama ya hasi,
na upana wake akauandika ndani ya jina lenyewe,
ili mashine yoyote itakayolisoma isiwe na la kukisia.
Joto la tangi akalipa kumi na sita, akaliachia hasi yake:
Februari ni Februari.
Moja tu hakuigusa, ile inayozunguka chuchu za kiwele.
Nne zitabaki nne kwenye sanduku lolote duniani.

Machi tarehe tisa walisimama wawili mbele ya kioo,
pumzi zao zikitoka kama mvuke wa birika.
Mia saba sitini na sita. Sitini na saba.
Mpira ukavuta, pampu ikakohoa.
Sitini na nane.

"Basi?" aliuliza Wybren.
"Basi."
"Na hiki nacho kitajaa lini?"
Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. "Hata usipokirudisha sifuri,
kwa ng'ombe hawa, miaka elfu tatu."
Wybren akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa bei.
"Nimeagiza arobaini wengine," akasema.

Sjoukje akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni
na juu ya kifuniko cha kijisanduku, kati ya skrubu na skrubu,
akaandika kwa tarakimu kubwa, kwa ajili ya yeyote atakayekuja:
32.